Raba zenye jina la mtu: zilianzaje mpaka zikafika Singida

Leo tuwaache mastaa wa bongo fleva wapumzike kidogo, tuongelee raba. Sio raba tu, ni zile zenye jina la mtu. Maana hapa Singida mjini ukikaa pembeni ya uwanja jioni, kabla mpira haujarushwa utasikia "mwana, hizo ni Kobe?" "Hapana, Kyrie." Hakuna anayesema viatu. Tunataja majina ya watu kama vile tunaishi nao mtaa mmoja.

Hii kitu ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Converse ilianza kutengeneza All Star mwaka 1917. Mwaka 1921 akajiunga nao mchezaji mmoja anaitwa Chuck Taylor. Huyo hakuwa staa wa kutisha, kazi yake ilikuwa kuuza. Alizunguka Marekani na gari, akifika shule anafundisha kikapu, akimaliza anauza raba. Miaka ya 1930 wakaweka sahihi yake kwenye kile kiduara cha kifundoni. Kwa hiyo zile raba za turubai zenye nyota ambazo dada zetu wanapigia picha na gauni, zilikuwa za kikapu na zimebeba jina la mtu wa mauzo. Miaka ya 1970 Puma nao wakatoka na Clyde ya Walt Frazier, lakini mambo bado yalikuwa madogo madogo.

Moto ulikuja na Michael Jordan. Alisaini Nike mwaka 1984, Air Jordan ya kwanza ikaingia madukani 1985 kwa dola 65. Februari mwaka huo NBA iliwaandikia Nike barua kwamba viatu vyake vyeusi na vyekundu vinavunja sheria ya rangi. Nike badala ya kulia wakatengeneza tangazo: kiatu kilichopigwa marufuku! Wajuzi wa raba wanasema kile kilicholeta msala kilikuwa kiatu kingine, Air Ship, lakini nani anajali, watu walishanunua. Nike walitegemea kuuza za dola milioni 3 ndani ya miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza tu wakapita dola milioni 100.

Sasa 1985 hiyohiyo sisi tulikuwa wapi? Ulizeni wazee nyumbani. Madukani kulikuwa hamna kitu. Watu walivaa katambuga za matairi, na mwenye viatu vya ngozi alivitunza vya Krismasi au Idi. Serikali ilikuwa na ndoto yake pia, kiwanda cha viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Kuta zake zilikuwa za bati na hewa haipiti, yaani jengo lenyewe halikufanana na joto la Morogoro. Mimi nikisoma hii habari huwa naumia, maana pale ndipo ingetoka raba ya Kibongo.

Novemba 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, biashara zikafunguliwa na mitumba ikamwagika. Hivyo ndivyo jina la Jordan lilivyofika kwetu. Halikuja na duka lenye kiyoyozi, lilikuja ndani ya robota: kiatu kinatoka kwenye mguu wa mtu Marekani au Ulaya, kinashuka bandari ya Dar, kinapanda lori kama kilomita 700 mpaka kinamwagwa chini kwenye turubai mnadani Singida, kikiwa kimefungwa kamba na mwenzake.

Na hapa ndipo maumivu yalipo. Kuna jamaa wa kijiwe chetu, simtaji. Aliuza alizeti ya kwao, akachukua elfu sitini, akanunua Jordan 4 za mtumba. Safi kabisa, kama hazijavaliwa. Robo ya pili ya mchezo soli ikaanza kumeguka vipande kama kashata, mguu ukateleza, kifundo kikavimba. Wiki tatu hakwenda kazini, na kazi yake ni bodaboda. Kila mtu akasema feki. Hapana, zilikuwa halisi! Tatizo ni kwamba soli ya kati ya viatu vya aina ile ni poliurethani, na hiyo kitu inanyonya unyevu wa hewani taratibu. Baada ya miaka kumi hivi na kuendelea inaoza kwa ndani hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi. Tena kisichovaliwa kinaweza kuoza vibaya kuliko kinachovaliwa. Kwa hiyo ule usafi uliomvutia jamaa haukuwa dalili nzuri.

Ukinunua, funua ulimi wa kiatu, Nike huweka lebo ndogo yenye tarehe ya kutengenezwa. Halafu bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, kikunje kiatu. Ukisikia mlio wa kukatika, rudisha. Viatu vyenye povu lile jepesi la EVA huwa vinadumu zaidi, ingawa saruji yetu yenye mchanga, na huu upepo wa Singida unaouleta kila dakika, inakula soli yoyote.

Turudi kwenye majina. Waafrika wapo kwenye hii orodha. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alipata kiatu chake mapema, Dikembe Mutombo mzaliwa wa Kinshasa akapewa cha Adidas miaka ya 1990, na Joel Embiid wa Cameroon akapata cha Under Armour 2020. Mutombo ndiye wa kwetu zaidi, maana katika lugha zake nyingi Kiswahili kilikuwemo.

Na sisi? Tunaye Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, sentimita 221. Mwaka 2009 alichaguliwa namba 2 NBA na Memphis Grizzlies. Sasa angalia hapa. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Curry akapata kiatu chake 2015, Harden 2016. Wote walichaguliwa nyuma ya Mtanzania! Hasheem mpaka anacheza mechi yake ya mwisho NBA 2014 hakuna raba iliyotoka na jina lake. Watu humcheka, mimi sicheki. Uwanjani kwetu kuna dogo wa kidato cha tatu ameandika THABEET kwa kalamu ya maka kwenye raba nyeupe zisizo na nembo, na anadanki.

Ila kiatu ninachokipenda kwenye historia yote hii ni cha Stephon Marbury. Mwaka 2006 alitoa Starbury kwa dola 14.98, wakati wenzake wanauza zaidi ya mia, na akakivaa mwenyewe NBA ili watu waone ni kiatu cha kweli. Duka lililokiuza likafilisika 2008. Marbury akaenda China, akaipa Beijing ubingwa mara 3, wakamjengea sanamu. Starbury mnadani sijawahi kuziona. Ukizikuta, saizi 43, nishtue kabla hujamwambia mtu.