Mtawala Asiye na Mrithi

Huko Kinole, milimani Uluguru, Kingalu akifa jina halifi. Ukoo wake, kwa upande wa mama, hutoa mwingine wa kuitwa Kingalu. Aliye kitini anajua kuwa kiti si chake peke yake.

Idi Amin hakulijua hilo. Alitwaa Uganda kwa bunduki tarehe 25 Januari, 1971, Rais Obote akiwa mkutanoni Singapore. Bunge likavunjwa. Mwaka 1974 aliyekuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, Michael Ondoga, alifukuzwa kazi, kisha maiti yake ikaokotwa katika mto Nile. Tangu hapo nani angethubutu kumwambia bwana mkubwa kuwa amekosea?

Mwaka 1976 alitangazwa Rais wa maisha. Rais wa maisha hana mrithi. Ana washukiwa tu. Aprili 1978 makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari. Wafuasi wake jeshini wakashuku hila, na jeshi likagawanyika. Mwisho wa Oktoba askari wa Amin wakavuka mpaka wetu. Tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ameitwaa Kagera.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, 1979. Yusuf Lule aliyemfuata alidumu siku 68 tu.

Basi tukitaka kujua kama jirani atatuletea vita, tusihesabu vifaru vyake tu. Tuulize pia: akiondoka, nani atashika kiti, na kwa utaratibu gani?