Kuchambua Majeruhi: Historia ya Mpango wa Tiba Wakati wa Maafa

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Kauli hiyo ni ya kweli ikiwa yahusu saa ya kutokea kwa ajali. Lakini haihusu saa zinazofuata. Kati ya kutokea kwa msiba na kufa kwa majeruhi mara nyingi hupita muda, na muda huo waweza kupangwa kabla haujafika. Wazo hilo halikuwako sikuzote. Lilizaliwa katika vita vya Ulaya, likakomazwa na maafa ya miji, na katika Afrika ya Mashariki lilipata mtihani wake mkubwa tarehe 7 Agosti 1998.

Kazi ya kwanza katika mpango kama huo ni ile ambayo Wafaransa huiita triage. Neno hilo latokana na kitenzi trier, yaani kuchagua na kutenga, na kabla ya kuingia hospitalini lilikuwa neno la wafanya biashara waliotenga sufu na buni kwa kadiri ya ubora wake. Kiswahili nacho kinacho kitenzi kilichokulia katika kazi za namna hiyo. Mkulima wa Unguja huchambua karafuu azitenge na makonyo. Pamba huchambuliwa ili itoke mbegu. Mboga huchambuliwa kabla ya kupikwa. Basi kusema “kuchambua majeruhi” si kukilazimisha Kiswahili, ila tofauti moja yafaa ikumbukwe: achambuaye karafuu huyatenga makonyo kama kitu hafifu, naye achambuaye majeruhi hamtupi mtu, bali hupanga zamu.

Mwanzo wa zamu hiyo hutajwa kuwa kazi ya Dominique-Jean Larrey, tabibu wa majeshi ya Ufaransa. Katika zama zake majeruhi waliachwa uwanjani mpaka vita viishe, kwa kuwa magari ya tiba yalikaa mbali nyuma ya jeshi. Mwaka wa 1792 Larrey alianza kuunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyoweza kuwafuata askari hata penye mapigano. Kisha akaweka kanuni iliyowashangaza wengi: aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, pasipo kutazama cheo chake. Neno ambulansi lenyewe, asili yake, halikuwa jina la gari, bali la hospitali itembeayo, pamoja na matabibu, vifaa na amri zake. Maana hiyo pana ilipotea njiani. Na msemo wetu “gari la wagonjwa” wataja chombo tu, wala hautaji utaratibu unaokiongoza.

Utaratibu huo ulikamilishwa zaidi na Mrusi Nikolai Pirogov, aliyefika Sevastopol mwaka wa 1854 wakati wa vita vya Krimea. Aliwakuta majeruhi wamelundikana pamoja, na waganga wakimhudumia yule aliye karibu au apigaye kelele zaidi. Pirogov akawagawa kwa mafungu: wasio na tumaini, ambao walikabidhiwa kwa wauguzi na makasisi, wanaohitaji kupasuliwa mara moja, wanaoweza kungoja, na wenye majeraha madogo. Kila fungu likapewa mahali pake na watu wake. Baadaye aliandika kwamba vita ni kama tauni ya majeraha, na kwamba katika tauni hiyo utawala mwema huokoa watu wengi kuliko kisu cha mpasuaji. Hapo ndipo ulipo msingi wa mpango wote.

Hata hivyo, kanuni ya kutotazama cheo haikufuatwa kila mahali. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yaliyopigana Afrika ya Mashariki yaliwategemea wapagazi wa Kiafrika kwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu yao walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, homa na njaa. Unga waliopewa mara nyingi ulikuwa wa kukwaruza, nao hawakuwa na wasaa wala kuni za kuupika ukaiva. Jeshi lao liliacha jina katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Majina hayo ni ushahidi kwamba mpango wa tiba waweza kuwapo, na bado ukawaacha nje walio wengi.

Wakati wa vita hivyohivyo, mbali na uwanja wa mapigano, mji wa Halifax huko Kanada ulipatwa na msiba mkubwa. Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Kifaransa Mont-Blanc, iliyojaa baruti, iligongana bandarini na meli Imo, ikashika moto. Kwa muda wa dakika ishirini hivi watu walisimama madirishani wakitazama moshi. Kisha meli ikalipuka. Walikufa watu wapatao 2,000, na wengine wapatao 9,000 wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na vigae vya vioo, na hawa waliotazama dirishani ndio waliodhurika hasa. Usiku uleule treni yenye matabibu na wauguzi iliondoka Boston, kwa sababu katika jimbo la Massachusetts ilikuwako tayari kamati ya usalama iliyoundwa miezi kadhaa kabla. Halifax haikungoja kamati iundwe.

Miaka 81 baadaye mkasa huo ulirudi kwa sura nyingine. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, washambuliaji walifika na gari la mabomu nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko mkubwa uliwakuta hapo. Jengo la Ufundi liliporomoka, na vioo vya jengo refu la Benki ya Ushirika vikawamwagikia watu ndani na barabarani. Walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao macho na nyuso. Karibu wakati huohuo Dar es Salaam ilishambuliwa, wakafa watu 11.

Wema wa wananchi wa Nairobi siku ile haukosi sifa. Wapita njia waliwatoa majeruhi kwa mikono, wakawapakia katika matatu, teksi na magari yao wenyewe. Lakini wema usio na mwongozo huelekea mahali pamoja: wengi walipelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, nayo ikafurika. Pale penye msiba hapakuwa na mtu mmoja mwenye amri ya kuwachambua majeruhi na kuwagawa kwa hospitali mbalimbali. Kituo cha serikali cha kushughulikia maafa kilikwisha kuundwa mwezi wa Januari mwaka uleule, lakini kilizaliwa na mafuriko ya El Niño.

Mabadiliko ya fikra yaonekana hata katika majina ya sheria. Sheria ya Tanzania ya 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa. Ile ya 2015 ilihusu usimamizi wa maafa. Msaada huja baada ya tukio. Usimamizi huanza kabla yake. Maneno hayo mawili yametengana kwa umbali uleule uliomtenga Pirogov na waganga aliowakuta Sevastopol.

Yafuatayo basi ni dhahiri. Larrey alifundisha nani aanze, Pirogov nani aamuru, Halifax lini kamati iundwe. Mambo hayo yote yalikwisha kuandikwa vitabuni kabla ya 1998, hata na hatari ya dirisha. Kilichokosekana si maarifa, bali njia ya kuyafikisha maarifa hayo kwa askari wa zamu, dereva wa matatu na karani wa ofisini, kwa lugha wanayoisema. Hapo kazi ya tabibu yakutana na kazi ya mwanalugha. Kwani amri isiyoeleweka saa ya msiba ni sawa na amri isiyotolewa.