Bodi ya Pareto na Wakulima wa Keringet

Mwaka 2024 ilitimia miaka 60 tangu kupitishwa kwa Sheria ya Pareto ya 1964, sheria iliyoikabidhi Bodi ya Pareto ya Kenya kila ua la pareto lililochumwa nchini. Bodi yenyewe haikuishi kuiona siku hiyo. Lakini huku Keringet, Kuresoi Kusini, ukimtajia mkulima mwenye mvi neno "Bodi", hatakuuliza unasema bodi gani. Kwake Bodi ni moja tu, ile iliyosomesha watoto, kisha ikaacha kulipa.

Pareto, ambayo maua yake hutoa dawa ya kuua wadudu, si mmea wa hapa. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika Kroatia ya leo, na walowezi waliileta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Ikakubali nyanda za juu za Molo, Kuresoi na Njoro, maana inapenda baridi, na baridi ndiyo huifanya itoe maua kwa wingi. Wakati huo soko la dunia lilikuwa mikononi mwa Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikata Japani na wanunuzi wake, majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya mbu na chawa kwa askari wao, na Kenya ikapanda hadi nafasi ya kwanza duniani. Faida ya miaka ile ilikuwa ya mlowezi. Mkulima Mwafrika alifunguliwa mlango hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika, na baada ya Uhuru zao hili likawa lake.

Hapo ndipo Bodi ilipofanya kazi yake njema, na ni haki kuisema kabla ya mengine. Mkulima alipewa leseni na kiwango cha kuuza kupitia chama chake cha ushirika. Watafiti wa Molo walichagua aina zenye nguvu zaidi ya dawa. Kiwanda cha Nakuru kilikamua dawa hiyo, na makapi yake yakawa chakula cha mifugo na dawa ya mbu ya kuchoma. Hakuna mfanyabiashara wa kawaida ambaye angempandia mlima mwenye ekari moja Keringet ili anunue gunia lake moja. Bodi ilimfikia. Hivyo ndivyo msaada wa serikali mashambani ulivyopaswa kuwa: mtu anapewa mbegu, elimu na soko, kisha anajitegemea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono, na mingi ilikuwa ya akina mama. Ua jeupe lenye kitovu cha njano huchumwa moja moja, bila kikonyo, na kila baada ya wiki mbili au tatu mchumaji hurudi kwenye mstari uleule. Kisha maua huanikwa. Katika ukungu wa huku, kuanika ni mtihani: wingu likitanda, kila kitu kinabebwa mbio kuingizwa ndani, kwa sababu ua lililolowa huchacha, huwa la kahawia na kupoteza nguvu. Kilo moja ya maua makavu inataka takriban kilo nne za mabichi. Likikauka sawasawa, ukilifikicha kati ya vidole linavunjikavunjika.

Gunia likifika Nakuru, mkulima hakulipwa kwa uzito peke yake. Sampuli ilipimwa maabara kujua ina pairethrini kiasi gani, yaani ile dawa yenyewe, na bei ikafuata kipimo. Utaratibu huo ni wa haki kabisa, mradi anayepima anaweza kuulizwa. Sasa tazama ilivyokuwa: Bodi ndiyo iliyotoa leseni, ndiyo iliyopima, ndiyo mnunuzi pekee, ndiyo iliyosindika, ndiyo iliyouza ng'ambo. Mkulima hakuona mizani ya mwisho, hakuona karatasi ya maabara, hakujua dawa imeuzwa kwa dola ngapi. Bodi iliwajibika kwa waziri, na hesabu zake zilikwenda kwa wakaguzi wa serikali na Bunge. Aliyepinda mgongo akichuma hakuwa na meza ya kwenda kuuliza.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuuma, kwa kuwa fedha zilikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilivuna zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka, na ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya soko la dunia. Lakini ushindani ulikuwa umeshazaliwa. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, dawa ya kiwandani iliyoiga pareto na kuishinda kwa bei. Baadaye wakulima wa Tasmania, Australia, wakaanza kuvuna pareto kwa mashine.

Watu wengi huishia hapo na kusema soko ndilo lililotuangusha. Sikubaliani nao. Tasmania ilikua ikiuza pareto ileile, kwa dunia ileile, katika miaka ileile tuliyokuwa tukianguka. Kilichouvunja moyo wa Keringet ni malipo. Yalichelewa miezi, kisha mwaka, kisha zaidi, na ada za shule hazikungoja. Machafuko ya nyakati za uchaguzi, 1992, 1997 na 2007, yaliwaondoa wengi mashambani mwao na kuongeza jeraha juu ya jeraha. Mkulima aling'oa pareto akapanda viazi, na wala hakukosea, maana mnunuzi wa viazi hulipa shambani. Kufikia miaka ya 2010 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 1,000.

Sheria za kilimo za 2013 zilifanya mageuzi ambayo yangetakiwa miaka 20 mapema. Usimamizi wa zao ulihamishiwa mamlaka mpya ya kilimo na chakula iliyoanza kazi 2014, kiwanda kikabaki na Kampuni ya Usindikaji wa Pareto, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua. Kaunti ya Nakuru nayo, tangu enzi za Gavana Lee Kinyanjui, imegawa miche ili kuifufua pareto, Kuresoi ikiwemo.

Miche ni mwanzo mzuri, na wanaoipokea Keringet wafanye bidii. Ila tusipokee miche tu. Kila chama cha ushirika kidai mkataba unaotaja siku ya malipo, stakabadhi ya mizani, na matokeo ya maabara yaliyoandikwa jina la mkulima. Mwakilishi wa wadi na maafisa wa kilimo watakapokuja kwenye baraza, waulizwe mbele ya watu: miche mingapi imetolewa, imemfikia nani, na mwaka jana aliyeuza alilipwa baada ya siku ngapi? Majibu yabandikwe ukutani, ofisini kwa chifu, kila mwenye shamba ayasome.