Tarehe ya Daftari la Wahasibu

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, serikali ilijikuta na mabenki na viwanda mikononi, na wa kuvifungia hesabu ni wachache, wengi wao wageni wenye vyeti vya Uingereza. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu, TAC. Mwaka 1972 ikapita Sheria Na. 33, iliyozaa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, nayo ikaanza kazi Januari 1973. Tangu hapo mhasibu wa Tanzania ni yule aliyeandikwa daftarini. Kujua kujumlisha peke yake hakutoshi.

Wakenya hudai wametangulia, na ushahidi wao ni KASNEB ya 1969. Kweli, lakini KASNEB ni bodi ya mitihani. Chama chao, ICPAK, ni cha 1978. Uganda, 1992. Basi daftari la Tanzania ndilo kongwe, na wabishi wanyamaze.

Jina CPA wanalobeba wahasibu hao, hata hivyo, lilitoka New York, kwa sheria ya 1896. Wazee wa fani husimulia kuwa cheti namba 1 kilimwendea Frank Broaker kwa sababu tu majina yalipangwa kialfabeti. Christine Ross, mwanamke wa kwanza, alifanya mtihani 1898. Cheti chake, namba 143, kilitoka mwishoni mwa 1899. Alichelewa kwa kosa gani, kama si uanamke wake?

Turudi nyumbani. Ubishi usiokwisha ni wa vijana wenye digrii ya uhasibu wanaojiita CPA. Digrii haimpi mtu jina hilo; mtihani wa Bodi, wa Mei au Novemba, ndio unaompa. Na hata aliyefaulu hatii saini ripoti ya ukaguzi bila idhini ya kufanya kazi hiyo kwa umma. Hapo ndipo mzigo ulipo: kitabu kinasema mifuko 400 ya saruji, mkaguzi anaingia stoo na kalamu sikioni, anahesabu safu kwa safu, anapata 362. Mwenye mali atalia apewe hati safi. Saini ni ya mkaguzi, na Bodi inaweza kumfuta daftarini.

Zamani herufi zilikaa nyuma ya jina, baada ya mkato: CPA(T). Siku hizi zimehamia mbele, kama Mhandisi au Dk., hata kwa Mkaguzi Mkuu aliyeteuliwa Novemba 2019: CPA Charles Kichere.