Bata Bukini Mbele ya Wanakemia

Katika miaka yangu ya kufundisha baiolojia, swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: unga wa mahindi una mafuta kidogo mno, basi anayenenepa kwa wanga, mafuta yake hutoka wapi? Jibu lake lilianza kujulikana mabandani kabla ya kufika maabara, na wafugaji wanastahili sifa hiyo.

Kule Saqqara, Misri, kwenye kuta za makaburi ya Ti na Mereruka yaliyojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wamechongwa watu wakiwashika ndege shingo na kuwasukumia matonge kooni. Warumi waliwanenepesha bata wao kwa tini. Wayahudi wa Ulaya, waliokatazwa mafuta ya nguruwe na walioishi mbali na mizeituni, waliwalisha bata bukini ili wapate mafuta ya kupikia. Katika karne ya 11 mwanachuoni wao Rashi, wa Troyes nchini Ufaransa, aliwaonya kwamba wataulizwa juu ya mateso ya ndege hao. Nalitaja onyo hilo kila mara, maana elimu tuliyoipata kwa bata imewagharimu bata. Mahindi yalipofika Ulaya kutoka Amerika, nayo yakawa chakula cha kunenepeshea. Mfugaji hakuwa na shaka: punje ziliingia, mafuta yakatoka.

Waliobishana ni wanakemia. Mwaka 1841 huko Paris, Jean-Baptiste Dumas na Jean-Baptiste Boussingault walifundisha kwamba mimea pekee ndiyo hutengeneza mafuta, na mnyama huyapokea tu na kuyachoma. Mwaka uliofuata Justus von Liebig wa Giessen, Ujerumani, akawajibu kwa hesabu ya bata bukini mmoja. Alikuwa amekonda, ana uzito wa ratili 4. Kwa siku 36 alilishwa ratili 24 za mahindi, akaongezeka ratili 5, na alipochinjwa akatoa ratili 3 na nusu za mafuta. Liebig alidhani mahindi karibu hayana mafuta, na hapo wapinzani wake wakambana, kwa kuwa yanayo. Lakini fanya hesabu mwenyewe: kwa asilimia 4 hivi, ratili 24 hazifikishi hata ratili moja ya mafuta.

Ninamheshimu Boussingault kwa alichofanya baadaye. Alikuwa na shamba Bechelbronn, katika Alsace, nchi ya wanenepeshaji bata. Alipima nguruwe na bata, akapima na chakula chao, na kufikia 1845 akakubali kwamba mafuta ya mnyama yalizidi yale aliyokula. Kule Rothamsted, Uingereza, watafiti Lawes na Gilbert walirudia upimaji huo kwa nguruwe, wakakuta mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yamezidi yale ya chakula zaidi ya mara nne.

Namna wanga unavyogeuzwa kuwa mafuta ilingoja karne nzima kujulikana. Mwaka 1951 Feodor Lynen wa Munich alitambua asetili-koenzimi A, kipande chenye kaboni mbili ambacho glukosi itokanayo na wanga huishia kuwa. Vimeng'enya huviunga vipande hivyo kimoja baada ya kingine mpaka mnyororo wa kaboni 16, asidi ya palmitiki. Katika ndege, karakana kuu ya kazi hii ni ini, ndiyo maana ini la bata aliyelishwa kupita kiasi huvimba kwa mafuta.

Sisi binadamu tunayo njia hiyohiyo, ila haitumiki sana. Kwanza wanga wa ziada huwekwa kama glaikojeni, gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Homoni ya insulini inapopanda, mwili huchoma sukari na kuyaacha mafuta yaliyokuja na mlo yaende akibani. Sehemu kubwa ya unene wetu hutokana na mafuta hayo. Ghala za glaikojeni zikijaa siku baada ya siku, ini nalo huanza kuugeuza wanga kuwa mafuta.

Walimu wenzangu, somo hili tulianzie bandani. Mtoto aliyewahi kuona bata wa kwao akinenepa kwa mahindi ameshika ushahidi uleule aliokuwa nao Liebig. Tumpe mizani, tumpe hesabu, na tumfundishe kumhurumia ndege anayempima.