Kutoka Utumboni hadi kwenye Neva: Historia ya Ushahidi Unaohusisha Bakteria Campylobacter jejuni na Ugonjwa wa Guillain-Barré, 1916–2004

Katika ugonjwa wa Guillain-Barré, kinga ya mwili huzishambulia neva za mwili wenyewe. Udhaifu huanza aghalabu miguuni, hupanda hadi mikononi, na kwa baadhi ya wagonjwa huifikia misuli ya kupumulia. Makala haya yanachunguza jinsi ugonjwa huu ulivyohusishwa na Campylobacter jejuni, bakteria anayesababisha kuhara. Hoja kuu ni kwamba uhusiano huo haukuthibitishwa na ugunduzi mmoja. Ulithibitishwa na ushahidi wa aina nne uliokamilishana: taarifa za wagonjwa, ulinganisho wa makundi, kemia ya bakteria na majaribio ya wanyama.

Kupooza kunakopanda kutoka miguuni kulielezwa na Jean-Baptiste Octave Landry mwaka 1859. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl walieleza hali ya askari wawili wa Ufaransa waliopooza na baadaye kupata nafuu. Maji ya uti wa mgongo ya askari hao yalikuwa na protini nyingi, lakini idadi ya seli haikuongezeka. Kigezo hicho kilisaidia kuutofautisha ugonjwa huu na polio, ambayo kwa kawaida huongeza seli hizo. Hata hivyo, hakikueleza chanzo chake.

Dhana ya kinga kujishambulia ilipata nguvu mwaka 1955, pale Byron Waksman na Raymond Adams walipowadunga sungura tishu za neva na kuwasababishia ugonjwa unaofanana na huu. Mwaka 1969, Arthur Asbury na wenzake walionesha kuwa neva za wagonjwa waliofariki zilikuwa zimevamiwa na seli za kinga. Kwa hiyo, mshambuliaji alijulikana kabla ya mchochezi wake kujulikana. Madaktari walikwishabaini kwamba wagonjwa wengi walikuwa wameugua mafua au kuhara wiki chache kabla ya kupooza. Kikwazo kilikuwa maabara: Campylobacter huhitaji oksijeni kidogo, na huzidiwa kwa urahisi na bakteria wengine wa kinyesi. Mwaka 1977, Martin Skirrow wa Uingereza alionesha kuwa anaweza kuoteshwa kwa urahisi katika chakula maalumu chenye viuavijasumu. Tangu hapo, swali lililokuwa la kukisia likawa la kupimika.

Mwaka 1982, K. M. Rhodes na A. E. Tattersfield waliripoti mgonjwa mmoja aliyepooza baada ya kuambukizwa bakteria huyo. Taarifa ya mtu mmoja haitoshi, kwa kuwa kuhara ni jambo la kawaida na huenda matukio hayo mawili yalifuatana kwa sadfa tu. Ndiyo maana ulinganisho ulihitajika. Katika utafiti wa Jeremy Rees na wenzake uliochapishwa mwaka 1995, dalili za maambukizi ya karibuni zilipatikana kwa 26% ya wagonjwa 103, ilhali zilionekana kwa 2% tu ya watu wa nyumbani mwao waliopimwa.

Ulinganisho ulionesha uwiano, lakini haukueleza namna ulivyotokea. Maelezo yalitoka Japani, ambako mwaka 1990 Nobuhiro Yuki na wenzake waligundua kingamwili dhidi ya gangliosaidi GM1, molekuli iliyomo katika utando wa neva, kwa wagonjwa wawili waliopooza baada ya maambukizi hayo. Mwaka 1993 walionesha kwamba ganda la bakteria lina sukari zenye umbo linalofanana na GM1. Kingamwili zilizotengenezwa kumkabili bakteria ziliweza, kwa mfanano huo, kuigeukia neva. Mwaka 2004, sungura waliodungwa molekuli za ganda hilo walitengeneza kingamwili hizo na kupooza.

Pamoja na uthabiti wake, ushahidi huu una mipaka. Takribani robo tatu ya wagonjwa wa utafiti wa 1995 hawakuwa na dalili za bakteria huyo. Vilevile, chini ya mtu mmoja katika kila 1,000 wanaoambukizwa hupooza. Kwa hiyo, Campylobacter si sharti la lazima wala sharti linalojitosheleza. Ni mchochezi, ambaye athari yake hutegemea aina ya bakteria na mwili unaompokea. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kupooza hufuata maambukizi kwa siku au wiki kadhaa, kinga ikiwa imekwishachochewa. Ndiyo maana tiba zilizothibitika, yaani kubadilisha plazima na kudunga imunoglobulini, hulenga kinga badala ya bakteria. Historia hii inaonesha kwamba kutambua kilichoanzisha ugonjwa na kutambua kinachouendeleza ni kazi mbili, na mgonjwa anahitaji zote mbili zifanywe.