Kutoka Kiongozi la Tanga hadi seva
Gazeti la Kiongozi lilianza kutoka Tanga mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Enzi za herufi za risasi, mchapaji kwa kawaida alipanga kichwa cha gazeti mara moja akakitunza. Kila toleo akabadilisha habari tu.

Miaka ya 1990, seva ya NCSA ilileta ujanja kama huo kwenye wavuti. Unaandika ndani ya ukurasa `<!--#include virtual="/kichwa.html" -->`, seva inachomeka faili hilo, halafu ndo inakutumia ukurasa mzima. Kivinjari chako wala hakijui! Ukiweka `<!--#echo var="DATE_LOCAL" -->`, unapata tarehe ya leo.

Umekosea kichwa? Rekebisha faili moja, kurasa zote zimepona. Kiongozi likishatoka mtamboni, kosa lilisafiri nalo.